Kamba ya Mzambarau wa Bi Kadija

Kwetu Lindi, mtu akitaka kuondoa mti alimwita yeyote mwenye shoka. Ukianguka vizuri, alhamdulillahi. Ukiangukia choo cha jirani, ni kazi ya Mungu. Kwa hiyo Dionis alipohamia mtaani kwetu kutoka Rutamba na kusema kazi yake ni kutibu miti, tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. "Ataipa kwinini?" nilisema mimi mwenyewe, na barazani wakanisifu kwa utani huo.

Vifaa vyake vilikaa ndani ya gunia: misumeno miwili, shoka dogo, keekee ya kutobolea, tupa, kopo la lami na kamba tatu nene za makumbi. Jioni alizinyoosha kamba hizo uani, akizipapasa pima kwa pima kutafuta palipolika. Alifundishwa na bradha mmoja wa misheni, kwenye shamba la michungwa. Tawi, alituambia, hukatwa kidogo kwa chini kwanza, kisha kwa juu. Ukianzia juu, likianguka litachuna na gome la shina. Sisi tulikuwa tumeshachuna magome ya mji mzima.

Mwaka wa ile tufani, 1952, upepo uliezua nyumba zetu na kuupasua mzambarau wa Bi Kadija kwenye panda. Upande mmoja ukainamia paa lake la makuti. Msimamizi wa mji akaja, akalipaka shina alama ya chokaa: mpaka Jumamosi uwe salama, ama sivyo ukatwe.

Bi Kadija alikaa chini akalia mbele za watu, na hakuwa mtu wa kulia. Chini ya mti ule alizika kitovu cha mwanawe Bakari, siku kilipodondoka. Bakari alikwenda vitani Burma na keya, jeshi la Mwingereza, na kilichorudi ni karatasi. Kaburi lake hakulijua. Kila Alhamisi alimsomea Fatiha hapo mzambarauni.

"Shikamoo, mama," alisema Dionis, akiupapasa ule ufa.

"Marahaba, mwanangu. Utapona?"

"Nikipunguza tawi hili zito na kuubana kwa chuma, utapona. Lakini tawi lazima lishuke kwa kamba. Likianguka, paa limekwenda, na mti watauangusha."

Mhunzi alifua bolti la urefu wa mkono, akalimaliza Alhamisi usiku. Basi kazi ikawa Ijumaa. Dionis alikuwa Mkatoliki. Jumapili aliijua vizuri, Ijumaa haikumpitia kichwani. Sisi wanaume watatu tulioahidi kushika kamba hatukumkumbusha, kwani tulidhani tawi moja litakwisha kabla jua halijapanda.

Majimoto, wale chungu wekundu wakali wa mitini, wakatuharibia hesabu. Walikuwa wamejenga viota juu kote, majani yameshonwa kwa majani, na kila Dionis alipokanyaga walimwingia mpaka kwapani. Ilibidi ashuke, awafukize moshi, ajipake majivu, apande tena. Alipofunga tawi, akapitisha kamba kwenye panda ya juu na sisi tukaizungusha mara mbili shinani, jua lilikuwa utosini. Akakata chini. Akahamia juu. Msumeno ulipofika katikati, adhana ya Ijumaa ikaita.

Tulitazamana. Naona aibu kusema, lakini nitasema: tuliifunga kamba shinani kwa fundo la haraka tukaondoka, mmoja baada ya mwingine, kanzu zetu zikiwa tayari begani.

"Jamani! Nassibu!" Dionis aliita. "Fundo hilo halitashika! Litalegea!"

Nilisikia. Nilijifanya nimekwisha kufika mbali.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Tawi lilianza kulia kwa uzito wake, na fundo langu likateleza shubiri moja. Bi Kadija akatoka jikoni mikono ina unga, akaikamata kamba, akapiga ukelele. Wanawake wakaja kutoka kila ua, kanga zimefungwa viunoni. Wanane, labda tisa.

"Sema, fundi!" Bi Kadija alipaza sauti. "Sisi tutaswali nyumbani, adhuhuri ina nafasi. Tufanye nini?"

"Legezeni kidogo kidogo, mama! Msiiachie!"

Dionis akamaliza kukata, na tawi likashuka mikononi mwao polepole, likipita kando ya paa bila kuchomoa hata kuti moja. Tuliporudi kutoka msikitini lilikuwa limelala uani, wanawake wamelikalia, wanakunywa maji. Siku hiyo hiyo Dionis alitoboa panda kwa keekee, akapitisha bolti, akakaza nati mpaka ufa ukafumba, akapaka lami jeraha la tawi. Jumamosi msimamizi aliusukuma mti, akauzunguka, akaagiza alama ifutwe.

Mwaka wa pili mzambarau ulitoa majani matupu. Wa tatu ulizaa, na watoto wa mtaa wakawa na ndimi za zambarau mwezi mzima.

Masika yaliyofuata Romana, mke wa Dionis, alijifungua binti. Kitovu kilipodondoka, Dionis akakosa raha. Alitaka kukizika kwao Rutamba, lakini njia ilikatwa na mafuriko, na hapa mjini alikuwa mpangaji wa chumba, hana hata hatua moja ya ardhi. Nilimsikia akimwambia mkewe watakihifadhi kwenye kitambaa mpaka kiangazi.

Bi Kadija naye alisikia. Akaja na jembe.

"Kileteni kwa kaka yake," alisema. "Bakari amekaa pale peke yake siku nyingi mno."

Dionis alifuta uso kwa mkono wenye lami ya kazini. Nikampokea Bi Kadija jembe, nikaanza kuchimba, upande wa pili wa shina. Adhana ya adhuhuri ikaita nikiwa bado na jembe mkononi, na safari hii nilimaliza kwanza.