Magunia ya Mama na Nyumba ya Magurudumu

Gari letu la kulala lilikuwa kliniki. Kabla hatujalipata kwenye mnada lilizunguka vijijini likipima watu presha na kuchanja watoto, na ingawa nilikwangua maandishi yote ya ubavuni kwa mikono yangu, alama zake bado zinaonekana jua likipiga. Kwa hiyo nikisimama Witeithie kununua ndizi, sikosi mteja. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye haraka zake, akapandisha mkono wa sweta na kuniuliza kama foleni inaanzia mlangoni. Nilimwambia siku hizi hii si kliniki, ni nyumba. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Basi wewe ndiye unafaa kupimwa," akasema, akaenda zake.

Sikumkasirikia, na mimi kukasirika si kazi ngumu. Nilikuwa nimeshazoea kuonekana nimechanganyikiwa kwa ajili ya lile gari.

Tulilinunua kwa sababu ya mama yangu. Mama anaishi Kalimoni, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake, pale pale alipozaliwa. Katika watoto wa nyumba yao wamebaki wawili tu, yeye na dada yake mkubwa aliyeolewa Njabini, kule Kinangop kwenye baridi. Si mbali. Mtu akitoka asubuhi anakula chakula cha mchana huko bila kukimbizana na yeyote. Lakini miaka ilikuwa imepita bila wao kuonana, na sababu yenyewe ilikuwa choo.

Magoti ya mama hayachuchumai tena, na usiku huamka mara nyingi. Choo cha kwa mama mkubwa kiko nje, ng'ambo ya zizi la ng'ombe, na njia yake mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Ukimwambia mama atumie ndoo chumbani kama wazee wengine, anakuangalia kama umemtukana. Na kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hataki hata kusikia.

"Niende kwa dada yangu nirudi jioni?" huuliza. "Kwani mimi ni mtu wa kusoma mita ya stima, apite tu?"

Kwa hiyo walikuwa watu wa simu. Kila Jumapili baada ya kanisa walipigiana, wote wawili masikio yamechoka, wakipiga kelele mpaka jirani wa mama akajua mambo yote ya Njabini. Halafu mama anaweka simu mezani na kusema, "Huyu tutaonana mmoja wetu akiwa ndani ya sanduku." Alikuwa akilisema hilo huku anachagua maharagwe, bila kuinua uso. Mimi nikaapa kwamba wataonana wakiwa hai wote wawili, na mama atalala huko kwa heshima yake, na choo chake pembeni.

Mume wangu, mwalimu mstaafu, alikubali kununua lile gari siku ambayo nadhani alikuwa hajanisikiliza vizuri. Tunaishi Ruiru, kwenye ua mdogo, na gari lilipoingia halikuacha hata nafasi ya kuanika nguo. Alilipa jina la utani la "mume mwenzangu." Nikichelewa kuingia jikoni, aliniuliza kutoka dirishani kama mume mwenzake ameshakula. Lakini ni yeye aliyeniletea chai kule chini ya gari, akiinama na kikombe mpaka mgongo ukalia, kwa hiyo sikumjibu vibaya. Angalau si kila siku.

Mwanzo wangu wa ufundi ulikuwa wa kuchekesha. Paa lilivuja. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mabati, na najua bati likivuja unapanda na lami unaziba tundu. Nikapanda, nikaziba, nikashuka nikijisifu. Jua la Thika likaja kufanya kazi yake. Tulipokuwa kwenye barabara kuu, lami ikalainika, ikapenya, ikadondoka juu ya mapazia mapya niliyokuwa nimeshona mwenyewe, na mimi kushona mapazia ndiyo kazi inayonilisha.

Fundi wangu, ambaye ana gereji ya wazi pale Makongeni, Thika, alikigusa kile cheusi kwa kidole.

"Madam, umepaka nini hapa?"

"Lami."

"Ile ya mabati?"

"Paa ni paa."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Sasa madam, ile nyumba yako ya Ruiru huwa inatembea?"

Akanieleza kwamba paa la gari linajikunja na kujinyoosha njia nzima, kwa hiyo linataka silikoni, ile inayokauka ikabaki laini kama mpira. Nilimwambia angenieleza mapema. Akanijibu kwamba sikumwuliza, na hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nikimpigia simu kwa kila kitu kingine: taa za ndani zikizimika, pampu ya sinki ikinguruma bila kutoa maji, mlango ukikataa kufungwa. Siku hiyo akaniambia amechoka kuwa daktari wa kliniki moja. Nije Jumamosi, nivae nguo kuukuu, na yeye atashika tochi, mimi nishike spana.

Zile Jumamosi nilizipenda kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Nilijifunza kwamba taa zikizimika unaanza na fyuzi kabla ya kumlaumu mtu. Nilijifunza kutenga betri ya nyumba na betri ya injini, ili mama akisahau taa usiku gari liwake asubuhi. Nilijifunza kupaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi na kutafuta mapovu, wala si kunusa nusa na kiberiti mkononi kama nilivyokuwa nikifanya. Kukaza nati za gurudumu kulinijia haraka, maana hukazi zilizo jirani kwa kufuatana, unaruka kwenda upande wa pili, vile vile ninavyobana pini kwenye pindo ili kitambaa kisivute upande mmoja. Fundi aliona mkono wangu umekubali akasema, "Eeh, hapo sasa," na kwa mtu kama yeye hiyo ni hotuba. Choo nilikifunga mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na kishikio cha chuma pembeni kwa ajili ya magoti ya mama. Nilikijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ikafika siku ya safari. Tulilala Kalimoni, na asubuhi nikaenda kuoga nikimwacha mama na kijana wa jirani "wakiweka vitu kidogo." Sisi hatuendi kutembelea mtu mikono mitupu, hilo linajulikana, na Njabini ndizi hazikomai wala nduma hazipatikani. Mimi nilitegemea kikapu. Nilipotoka, nyuma ya gari kulikuwa na magunia ya viazi vitamu, magunia ya nduma, mikungu ya ndizi, maparachichi, miwa, na jogoo aliyefungwa miguu karibu na sinki. Tangi la maji nilikuwa nimelijaza mpaka juu. Mume wangu alikohoa. Mimi nikaona gari limeinua pua, nikajua, na bado nikawasha, kwa sababu mama alikuwa ameshakaa mbele na kitambaa chake kizuri kichwani, anatabasamu barabarani kabla hata hatujaondoka.

Tulipita Thika. Mbele kidogo, kwenye barabara ya Mang'u, kuna tuta. Nililipanda polepole, nikasikia mlio wa chuma kinachokatika, na gari likakaa kitako upande wa kushoto. Springi ya nyuma, ile ya mabamba ya chuma yaliyolaliana, ilikuwa imevunjika bamba moja, na gurudumu lilikuwa linasuguana na bodi.

"Mungu amekataa," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Mungu hajakataa chochote, ni nduma zako!" nikapiga kelele, hapo barabarani, watu wakisikia.

Mama alifungua kitambaa kichwani akakikunja, na huko kukunja kuliniumiza kuliko kama angenigombeza. Nilitulia, nikamwambia tutatengeneza, ila safari ijayo tubebe kikapu kimoja.

"Basi siendi," akasema. "Yule alinilea. Alinibeba mgongoni akienda kuchota maji, mama akiwa kwa kazi ya kahawa. Nitamtokea hivi hivi na mkoba?"

Mume wangu alimshika mkono wakaenda kukaa kivulini, na mimi nikampigia fundi.

Wiki iliyofuata zilinijia picha nyingi za lile sanduku. Mama hakuwa akilalamika, alikuwa akisema tu kwamba haina haja, na huyo ndiye mama ninayemwogopa. Fundi alipendekeza niuze yale magunia, shida iishe. Nilimwambia mama yangu hatengenezwi, tutengeneze gari.

"Haya," akasema, "kama mama habadiliki, tuongeze bamba."

Nilipiga jeki, nikaweka vigogo chini ya fremu maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Nikafungua zile boliti zilizojikunja kama umbo la U, zimeshika kutu, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote mpaka moja ikaachia nikaanguka chali. Tuliweka bamba jipya badala ya lililovunjika, na moja la ziada kila upande, tukapaka grisi katikati. Fundi alinionya kwamba boliti zikikazwa leo hulegea zikitembea kidogo, kwa hiyo nizikaze tena baada ya kuzunguka mpaka Ruiru na kurudi. Nilizikaza. Nikazikaza tena siku iliyofuata, kwa woga tu.

Na safari hii mzigo niliupanga mimi. Tangi la maji tupu, tutajaza huko huko. Magunia mbele ya ekseli ya nyuma, katikati ya magurudumu, si mkiani. Mama alisimama mlangoni akinisimamia, akidhani nitaangusha gunia moja njiani kwa siri. Kusema kweli nilikuwa nimelifikiria hilo, nikaliacha.

Lile tuta la Mang'u tulilipita bila mlio. Tukapanda mpaka makutano ya Flyover, baridi ikaanza kuingia, tukashika barabara ya Njabini. Tulipofika, mama mkubwa alikuwa ameketi uani kwenye kiti, blanketi miguuni, nyonga yake ilivunjika zamani na haikupona sawasawa. Nilizima injini, nikamshusha mama. Walishikana mikono bila salamu, wakaangaliana.

"Umezeeka," alisema mama mkubwa.

"Na wewe je?" mama akajibu, na wakacheka, na kulia kukaingilia hapo hapo.

Jioni mama mkubwa alitaka kuona hicho choo kilichozungumzwa kwenye simu. Mimi na binamu yangu, mwanawe anayekaa naye, tulimwinua tukampandisha. Mama alimwonyesha kila kitu, kishikio, taa, sinki, kama mwenye nyumba. Mama mkubwa alikaa kitandani, akabonyeza godoro, akasema yeye leo harudi kwake. Wakalala humo wote wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja na nusu. Mimi na mume wangu tulipewa chumba chake.

Asubuhi nilikuta wameshaamka, wamekaa bega kwa bega na chai.

"Maitu," mama mkubwa akaniita, "hii gari yako inaweza kufika Kalimoni?"

Maitu maana yake ni "mama yangu" kwa Kikuyu. Nimepewa jina la mama yao, kwa hiyo wote wawili wana haki ya kuniita hivyo, na mimi sina ujanja wa kuwakatalia nikiitwa hivyo. Binamu aliingilia haraka, akasema mamake hawezi safari, nyonga ile, na gari lenyewe ni la zamani, mara liharibike njiani itakuwaje. Zamani ningemwambia ngoja nimpigie fundi. Mume wangu aliniangalia, akinisubiri.

"Inafika," nikasema.

Binamu alikuwa ameshaanza kuleta viazi na kabeji za kuturudishia, maana mgeni naye haondoki mtupu. Mama akamwambia arudishe ghalani. Sijawahi kumsikia akikataa mzigo, si kabla ya hapo, si baada ya hapo. Mimi nikaingia chini ya gari na spana, nikakaza boliti ambazo hazikuwa zimelegea, na nikalia huko kidogo kwa furaha, mahali ambapo hakuna wa kuniuliza.

Tulishuka polepole, binamu amekaa nyuma akimshika mamake kwenye kona. Kalimoni tuliingia jua likiwa bado juu. Nilirudisha gari nyuma mpaka karibu kabisa na mlango wa mama, tukamshusha mama mkubwa tukiwa watatu. Alisimama, mkono mmoja kwangu na mwingine kwa mdogo wake, akatazama lile shamba, kahawa chache zilizobaki na mahali nyumba ya zamani ilipokuwa.

"Mimi hapa," akasema, "nilikuwa nimeshapaaga."