Sauti Aliyoisubiri Bi Mapovu

Watoto ndio waliombandika jina la Bi Mapovu, maana aliwasimamisha kwenye maji ya kiunoni na kuwaamrisha, "Uso ndani! Toa mapovu!" Alifundisha kuogelea tangu ujana wake, na usikivu ulimtoka polepole, kama rangi inavyotoka kwenye nguo inayofuliwa kila siku. Kwanza aliacha kuwasikia ndege wa asubuhi, baadaye mlio wa simu, mwisho simu yenyewe ikawa haina maana. Dada yake mkubwa, aliyemfuata mume nchi ya mbali, ikabidi awe anaandika ujumbe. Bi Mapovu aliusoma kila ujumbe kwa sauti ya dada aliyoikumbuka: nyembamba, ya haraka, yenye kicheko kinachotangulia maneno.

Mwaka mmoja akapata vifaa vya kusikia, viwili, vidogo kama punje za maharage. Mtaalamu aliyemvalisha, ambaye yeye alimwita Fundi Masikio, alimpa masharti: asiingie navyo majini, avivue kabla ya kujipaka mafuta ya kukinga jua, avipanguse jasho kwa kitambaa kikavu, asiviache juani kamwe. Bi Mapovu akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mgonjwa anayetaka tu kwenda nyumbani.

Kiangazi kikaingia na joto la kukaanga ubongo. Bwawa likafurika watu. Bi Mapovu akitoka majini alivaa vifaa kabla hata shingo haijakauka, ili aongee na wazazi. Akirudi majini alivitumbukiza ndani ya kiatu, juu ya saruji inayowaka. Siku dada alipoandika kwamba amepata likizo na anakuja, kifaa cha kulia kilikuwa kinakoroma na cha kushoto kimenyamaza kabisa.

Akaenda mbio kwa Fundi Masikio. Naye akakifungua kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Mama, hiki umekichemsha au umekikaanga?"

"Nisamehe, baba. Dada yangu anakuja. Nataka kumsikia."

"Utamsikia. Ila hiki kidude hakijui undugu. Ukikipa jasho, kinakufa."

Akavisafisha, akabadilisha vijimrija vilivyoziba, akampa kopo dogo lenye punje za kunyonya unyevu. Tangu hapo Bi Mapovu akashika adabu. Alijifunga utepe wa taulo kwenye paji la uso. Kabla ya kuingia bwawani alikausha mikono, akavivua vifaa, akavilaza kwenye kopo, na kopo akalifungia kabatini, kivulini.

"Hata marehemu mumeo hukumlaza hivyo," mtunza bwawa akamtania.

"Marehemu hakuwa akiharibika kwa jasho," akajibu, akaenda zake.

Dada aliwasili mchana wa jua kali. Bi Mapovu alikuwa mlangoni, masikio makavu, vifaa vimo. Mwanamke mnene mwenye mvi akashuka kwenye teksi, akafungua mikono.

"Mdogo wangu! Mbona umekonda hivi?"

Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, ya mtu mwingine kabisa. Wakakumbatiana, na Bi Mapovu akahisi anamkumbatia dada yake huku bado anamsubiri.

Ndani, akiwa anakunywa maji, dada alishtukia anavyotazamwa.

"Unaniangalia kama umeletewa mzigo usio wako."

"Dada, sauti yako iko wapi?"

Dada akacheka, kicheko kikakatizwa na kikohozi. "Imezeeka pamoja na mwenyewe. Ulitaka niihifadhi kwenye friji?" Kisha uso ukatulia. "Nilipasuliwa koo. Sikukuandikia. Ungefanya nini zaidi ya kulia?"

Bi Mapovu akainamisha kichwa. Kumbe maneno ya mtu anayeumwa yeye aliyasoma kwa sauti ya msichana mzima wa afya.

Likizo nzima hakumpa dada nafasi ya kunyamaza. "Sema," humwambia. "Niseme nini?" "Chochote." Basi dada akasimulia majirani zake wambeya, baridi ya huko, goti lake, mume anayekoroma na kukana. Joto lilipozidi walikaa sakafuni, milango wazi, miguu kwenye beseni la maji, na Bi Mapovu akiinuka mara kwa mara kupangusa vifaa ili neno lisimponyoke. Kidogo kidogo sikio likazoea. Akajua dada anavyovuta pumzi katikati ya sentensi, anavyoshusha neno la mwisho anapochoka. Hata hivyo, dada akiwa chumba kingine, alijikuta akiitegea sikio ile sauti nyembamba. Haikuja.

"Wewe mwenyewe huitamani sauti yako ya zamani?" akamuuliza siku moja.

"Nimeacha kuimba," dada akasema, akageukia dirishani.

Siku ya kuagana walishikana mikono mpaka dereva akapiga honi.

Wiki iliyofuata Bi Mapovu alikuwa amekaa ukingoni mwa bwawa, ameshajikausha, ameshavaa vifaa vyake, mara nyuma yake sauti nzito ya mikwaruzo ikasema, "Samahani, mwalimu." Akageuka nusura aanguke. Alikuwa mama wa mwanafunzi mgeni, anaulizia darasa la watoto wadogo linaanza saa ngapi. Bi Mapovu alikuwa amemsikia vizuri kabisa. Akamwomba arudie.