Shikamoo kwa Ushanga wa Buluu

Binti yetu wa tatu alifika miaka sita akiwa haamkii mtu. Hilo lilikuwa enzi za Mwingereza, mji wetu wa Katesh ukiwa bado chini ya wilaya ya Mbulu, nami nikiwa na duka la shuka, chumvi na ushanga. Mtoto wa dukani asiyeamkia wakubwa anafukuza wateja kuliko bei.

Bubu hakuwa. Maneno alikuwa nayo, ila aliyatumia kwa shughuli zake tu. Alijua rangi zote za ushanga wangu, na ukichanganya mafungu mawili alikuja juu kama umemwibia. Uji alikunywa kwenye bakuli moja tu la bati, na aliuacha katikati punda wakipita, akatoka mbio bila nguo. Zilikuwepo siku alizolia toka asubuhi hadi adhuhuri bila sababu niliyoiona mimi. Zilikuwepo nyingine alizolala mkekani akitazama ukuta, hataki kitu wala mtu. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, alimchungulia masikio, akamgonga magoti, akasema ni mzima kabisa. Nikamwambia amtazame mara ya pili. Akamtazama. Mzima.

Jina la hali yake hatukuwa nalo. Majirani walikuwa nayo matatu, na hakuna hata moja lililonipendeza.

Ndipo ikaja barua ya dada yake mke wangu kutoka Kondoa. Alisema atakuja na lori, akae siku tano, kisha aondoke na mtoto akamlee yeye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelea watoto tisa, wake na wa wenzake, na wote waliamkia.

"Akimchukua sitamwona tena," mke wangu alisema.

"Kondoa siyo Makka. Watu wanarudi."

"Huyu hatarudi. Atafungiwa ndani wageni wasimwone."

Nikachukua kalamu. Nilimwandikia shemeji kwamba akimkuta mtoto anaamkia, amwache. Akajibu kwamba anataka aamkie, avae nguo, na ale na wenzake. Barua zikaenda zikarudi, tukakutana katikati: aamkie na avae. Kama kimoja kitapungua, mtoto anapanda lori.

Kuvaa nilimwachia mama yake. Kuamkia nilikuchukua mimi, kwa kuwa biashara naijua. Kila akisema shikamoo, nampa punje moja ya ushanga wa buluu. Nyekundu alizitupa. Siku mbili aligoma. Siku ya tatu akasimama mbele yangu, mkono ameunyoosha, macho yakiwa kwenye kopo la ushanga: "Shikamoo."

Nikalipa papo hapo. Kufikia Ijumaa alikuwa anawaamkia akina mama wa wafugaji waliokuja kununua ushanga wa kushonea sketi zao za ngozi, anaamkia wadogo zake, anaamkia mbuzi.

"Umemfundisha adabu au umemfungulia duka?" mke wangu aliuliza.

"Si anaamkia?"

Shemeji aliteremka kwenye lori akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mtoto akamwendea bila kusukumwa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu!" Uso wa shemeji ukafunguka. Nilidhani tumemaliza.

Mkono wa mtoto ulibaki umenyooka. "Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo." Akaendelea hivyo, kila mara kwa sauti zaidi, mpaka kumi na moja, nilihesabu, na mke wangu alipata kumi na moja pia. Kisha akajitupa chini akaanza kupiga kichwa kwenye mchanga, mama yake akaweka kiganja chake katikati.

"Huyu amefundishwa kuomba," shemeji alisema. "Nani amemfundisha?"

Mke wangu alinitazama.

Kimoja kimepungua. Shemeji aliomba nguo za mtoto zifungwe kwa safari, na kuanzia kesho yake akaanza kumvalisha mwenyewe ili amzoee. Kumbe mke wangu alikuwa na utaratibu ambao mimi, kwa miaka sita, sikuujua: maji miguuni kwanza, ndipo uso, halafu mafuta, halafu gauni, mkono wa kushoto ukitangulia. Ukikosea unavua vyote unaanza upya. Shemeji alianza na uso. Siku ya kwanza walimaliza jua likiwa juu. Ya pili mtoto alimng'ata. Ya tatu alilala akitazama ukuta, na hakuna aliyeweza kumvalisha wala kumwamsha. Ya nne shemeji alikaa kizingitini, ushungi umekaa upande.

"Mdogo wangu, kila siku unafanya hivi?"

"Kila siku, dada."

"Na huyu bwana?"

"Yeye yuko dukani."

Siku ya tano niliamka na hoja nne za kumzuia, nimezipanga kuanzia iliyo dhaifu. Sikutumia hata moja.

"Shemeji, mtoto simchukui," alisema. "Simwezi. Nimelea tisa, simwezi."

Mke wangu akainama kama anatafuta kitu sakafuni, akakaa hivyo hivyo.

"Lakini mdogo wangu amekonda," shemeji akaendelea. "Asubuhi tatu kila wiki umvalishe wewe."

"Moja," nikasema. Mdomo ulitangulia.

"Nne."

"Aa, shemeji! Mbili."

"Tatu," mke wangu alisema kutoka kule chini, na sauti yake haikuwa ya sokoni.

Lori liliondoka na shemeji peke yake. Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye kigoda na beseni, mtoto mbele yangu, duka limefungwa. Nilikosea mafuta, tukaanza upya. Nilikosea mkono, tukaanza upya. Mara ya tatu aliingiza mkono wa kushoto mwenyewe, akitazama juu ya bega langu. Nje mteja akagonga mlango na kuita. Nikamwambia angoje, bado mkono wa kulia.