Mzoa Taka wa Kivinjari

Usiku ule usingizi ulimpaa mama. Alikaa kitandani akiikodolea macho simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kitindamimba wake, mwandishi wa programu, alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu: "Mama, usinisubiri. Nimekwama na mambo ya kuzoa taka. Bosi anasema asubuhi nikubali kosa au nirudishe kitambulisho cha kazi."

Taka! Binti aliyesomeshwa kwa cherehani mpaka vidole vya mama vikaota sugu, leo awazolee watu taka?

Kulipopambazuka alitinga ofisini kama mbogo aliyejeruhiwa. Akapokewa na mfanyakazi mwenza wa binti yake, mwanamke mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anamzolesha mwanangu taka?"

Yule akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. "Si za jalalani, mama. Programu ikifanya kazi huacha mabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kijiprogramu cha kuyaondoa ndicho tunakiita mzoa taka. Zamani programu zetu, zinazogeuzwa kuwa WebAssembly, yaani msimbo wa kuendeshwa ndani ya kivinjari, ziliingia humo zimembeba mzoa taka wao mgongoni. Mzigo kwelikweli! Siku hizi kivinjari kina wake, na lugha tunayoandikia imejua kumtumia. Mwanao akamtua mzoa taka wetu. Ukurasa wa miadi tuliowatengenezea watu wa kliniki ukawa mwepesi kama unyoya."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Kwenye simu kuukuu. Vivinjari vyake havina huyo mzoa taka, basi ukurasa haufunguki. Mwanao alisema mapema tuwaachie wenye simu hizo njia ya zamani. Bosi akamcheka: 'Nani bado ana simu hizo?' Wagonjwa wamekwama, sasa anataka mwanao awaambie watu wa kliniki kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Wote wako humo ndani, ofisini kwa bosi."

Mama akatoa simu yake, akabofya ukurasa wa kliniki. Weupe mtupu. Wiki nzima alikuwa akitafuta miadi yake ya presha, akijilaumu kwamba ni mjinga, hajui kubofya. Kumbe!

"Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. "Acheke yeye, alie mwanangu?"

"Mama, subiri kwanza, wana kikao..."

Hakusubiri. Aligonga mlango wa bosi kwa ngumi.

"Hodi!"

"Nani tena?" sauti ikafoka kutoka ndani.

"Mwenye simu kuukuu."

Kisha kiti kikasukumwa, na mlango ukafunguka.