Lhazom Afunika Kikombe

Jua halijaupasha joto uwanda wa Changthang, juu milimani, lakini Tashi Lhazom yuko zizini. Mkono mmoja umeshika pembe za mbuzi, wa pili unachana manyoya laini ya tumboni. Huyu ni wa nne asubuhi hii.

"Mwaka jana saa hizi ningekuwa nimelala," anasema.

Lhazom, 34, ana mbuzi mia na sitini. Zamani alichana kumi na tano kwa siku. Mwaka jana hakufikisha watano, na kilima cha nyuma ya hema alikipanda akisimama kila hatua kumi. Mumewe, Rigzin, akaanza kuwatafutia mbuzi hao mnunuzi.

Katika kambi ya afya, daktari mgeni alipima kiwango cha damu ya Lhazom akapata kumi na mbili nukta nane. Akasema inatosha.

"Rigzin akanicheka," anakumbuka. "Akasema, 'Damu unayo, mke wangu, unachokosa ni hamu ya kazi.'"

Aliyeona kosa ni muuguzi Kunzes Chorol, mzaliwa wa hukohuko. Kiwango hicho kinawatosha watu wa bondeni. Kwenye mita elfu nne na mia tano, damu inapaswa kuwa nyingi zaidi.

"Hewa ikiwa haba, mwili hufungua lango ili madini ya chuma yaingie kwa wingi, utengeneze damu," anaeleza Kunzes. "Lakini lango wazi lina faida gani kama hakuna kinachopita? Dada huyu amezaa watatu, na kila tonge analisukuma kwa chai."

Chai nzito huyazuia madini hayo, na Changthang kikombe cha mtu hakiachwi kikauke. Lhazom alipewa vidonge, akaambiwa ale nyama kwanza, chai ifuate baada ya saa nzima.

Jioni hiyo mama mkwe wake, Bi Yangchen, aliinua birika. Lhazom akafunika kikombe kwa kiganja.

"Chai yangu ina sumu?"

"Hapana, Mama. Ina haraka."

Bibi akalirudisha birika jikoni. "Basi ikae huko ijifunze adabu."

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Rigzin hatafuti tena mnunuzi. Wiki ijayo wanahamia malisho ya kiangazi, na Lhazom anataka kuongoza kundi mwenyewe.

"Nikifika juu ya kilima bila kusimama," anasema, akimwachia mbuzi, "nitammiminia Mama chai mimi."

"Baada ya saa nzima," bibi anajibu kutoka hemani.