Nilivyokuwa Ukuta Kati ya Bibi na Baba

Kabla hatujanunua pikapu yetu, mimi nilikuwa na kazi moja kubwa nyumbani: kuwa ukuta. Siku ya kliniki ya presha ya bibi, baba aliazima pikapu ya jirani, ile ya kebini moja, na mimi nikapachikwa katikati, gia ikinigonga magoti. Kulia baba, kushoto bibi. Mama hakuweza kuja kwa sababu asubuhi zote huwa yuko sokoni Iringa mjini na nyanya zake.

Bibi ni mama yake mama, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyehamia kwetu Kalenga baada ya babu kufariki. Kwa hiyo baba ni mkwe wake, na bibi ana adabu za zamani. Mkwe hapewi mkono, hatazamwi usoni, na kugusana naye bega ni aibu ya kuhama mji. Wakiwa na jambo wananipitishia mimi, hata kama wamekaa chumba kimoja na wanasikiana vizuri tu. Nami nilifikisha ujumbe na nyongeza. Kuna siku baba aliuliza kama bibi ameamka salama, nikamwambia bibi kwamba mkwe anaomba apunguze kukoroma. Kandambili ilinipata mgongoni.

Halafu nikapelekwa shule ya bweni, Mbeya. Hakuna aliyefikiria kwamba ukuta ndio umeondoka. Mwezi ule wa kwanza baba alikuja na pikapu ya jirani, bibi akasema ana maharage ya kupukuchua. Mwezi uliofuata kuku alikuwa anatotoa, eti hawezi kuachwa peke yake. Nikarudi likizo nikamkuta miguu imevimba, viatu vya kanisani havimwingii tena.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "umekonda. Huko wanawalisha chaki?"

Nikacheka, ila macho yalikuwa kwenye ile miguu. Nikamuuliza dawa, akasema zimekwisha. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kliniki. Akanitazama kama mtu aliyelipiwa ada bure.

"Ningekaa wapi?"

Wakati huohuo baba alikuwa ameshapenda. Dalali wa Mbeya alimtumia picha za pikapu ya kebini moja, bodi ndefu ya mizigo, na kila jioni aliipapasa kwenye simu kama kifaranga. Sababu zake hazikuwa mbaya: matenga yote ya nyanya yangekwenda sokoni kwa safari moja. Mama alitaka ya kebini mbili, akisema watu nao ni mzigo. Baba akajibu kwamba watu wanaweza kukaa juu ya matenga wapate hewa. Zilibaki siku chache tu aende Mbeya kulipia.

Kumwambia "baba, mama mkwe wako anakwepa bega lako" haiwezekani, hata kwangu mimi nisiye na haya. Ndipo nikamshauri tuichore ile pikapu uani kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, tuone matenga yanavyokaa. Alifurahi kama mtoto. Akaleta futi ya fundi, akapima, akapanga matenga matupu hadi mwisho, akarudi nyuma kuyatazama kama bwana harusi. Mimi nikaweka kebini: viti viwili vimebanana, sufuria kuukuu ndiyo usukani.

"Baba, washa gari. Bibi, panda mbele, tunakwenda kliniki."

Baba akakaa, akashika sufuria. Bibi akasimama kwenye mstari wa majivu. Mama alikuwa anacheka, akaacha. Bibi akashika kile kiti cha pili, akakiburuta polepole na miguu yake ile hadi nyuma, akakibana katikati ya matenga, akakaa akimpa baba mgongo.

"Endesheni. Mimi nimeshapanda."

Baba akaiweka sufuria chini. Akatazama pengo lililokuwa pembeni yake, akanitazama mimi, nadhani akanikumbuka nilipokuwa nakaa. Kisha akainuka, akafuta mstari wa nyuma ya kebini kwa kandambili, akachora mwingine nyuma ya kiti cha bibi, akaanza kutoa matenga, safu baada ya safu. "Haya mengine yatasubiri safari ya pili," akasema, bila kumtazama yeyote.

Ikanunuliwa ya kebini mbili. Siku ya kliniki nilikaa mbele, bibi nyuma kama waziri. Kabla ya kuwasha, baba alinyoosha mkono akakigeuza kioo cha katikati kikatazama dari, ili macho yao yasikutane. Tulipoingia kwenye mashimo bibi akaniambia, "Mwambie baba yako mimi si nyanya, nami naumia."

Sijafungua mdomo, baba akajibu. "Nimesikia, mama. Napunguza."

Basi wakaanza kuongea, bibi akiongea na kisogo: mvua za Tukuyu, bei ya mbolea, hadi tabia zangu, na hapo walikubaliana haraka mno. Mimi nilistaafu njiani, bila kiinua mgongo.

Sasa niko bweni tena na siwazi. Mama anasema kliniki hawakosi, viatu vya kanisani vinaingia, na baba analalamikia mafuta ya safari mbili mbili. Namshukuru sana mzee wangu, ingawa usoni siwezi kumwambia, atadhani nataka hela. Juzi fundi alitaka kukinyoosha kile kioo. Baba akamwambia akiache, kiko sawa.