Kompyuta ya Hyasinti Yashuka Ziwani

Mjini Mbinga, Hyasinti alijulikana kama fundi wa video za harusi na kipaimara. Alizaliwa Matiri, akamaliza kidato cha nne, kisha akanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika na kujifundisha mwenyewe kuunganisha picha na nyimbo. Kompyuta hiyo ilikuwa nzito. Video moja ilichukua usiku kucha, na wateja hawakuwa wavumilivu.

Kwenye mtandao alijifunza kwamba prosesa, yaani kifaa kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta, inaweza kulazimishwa kwenda kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Unafungua ukurasa wa mipangilio ya madabodi, ule ubao mkuu ambamo vifaa vyote vimechomekwa, unaongeza kasi, kisha unaongeza na volti kidogo ili prosesa isiishiwe nguvu. Ilikuwa Julai, baridi ya milima ya Mbinga imekaza. Alijaribu, mashine ikakimbia, wala haikulalamika.

Oktoba, wakati wa joto, alihamia Liuli kando ya Ziwa Nyasa, nyumbani kwao mkewe Lidia, kwa kuwa mama mkwe wake, Bi Winifrida, alikuwa anaumwa miguu na shamba la mihogo lilikosa mtu. Bi Winifrida alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Kwaya iliimba ufukweni, Hyasinti akarekodi, na mama mkwe akasimama kanisani kutangaza kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, watu wote wataona video.

"Mkwe wangu ndiye anayeitengeneza," aliongeza.

Hyasinti aliyasikia hayo akiwa benchi la nyuma. Tangu afike, watu walimwita "yule wa mlimani". Alitamani afanye jambo moja vizuri mbele yao.

Alhamisi, kompyuta ilizimika katikati ya kazi. Akaiwasha, ikazimika tena.

"Umeme wa huku mdogo, shemeji," alisema Cleopa, kaka yake Lidia, akiwa mlangoni anatafuna muhogo. "Huoni taa zinavyosinzia jioni? Hata redio yangu inaongea kama mgonjwa."

Maelezo hayo yalimwingia Hyasinti. Kama umeme ni mdogo, basi prosesa inakosa nguvu. Akaingia kwenye mipangilio, akaongeza volti. Kompyuta ikazimika mapema zaidi. Akaongeza tena. Sasa ilizimika kabla hajafungua hata wimbo wa kwanza. Kila alivyoipa zaidi, ndivyo ilivyofanya kidogo.

"Labda usipa, dagaa wetu wa ziwani, umeishinda," Cleopa alisema. "Imezoea maharage ya kwenu."

"Shemeji, niache."

"Nakuacha. Ila mama amealika mpaka watu wa Mbamba Bay."

Lidia alipita kuchukua sabuni, akagusa boksi la kompyuta, akautoa mkono haraka.

"Baba Beata, hiki kitu kinaunguza. Kule Mbinga kilikuwa hivi?"

Hyasinti akagusa. Kule Mbinga kilikuwa cha baridi kama mtungi. Alijaribu kuliunganisha jambo hilo na maneno ya Cleopa, akashindwa. Kama nguvu ni ndogo, joto lote hili linatoka wapi?

Jumamosi jioni aliongeza volti kwa mara ya mwisho. Skrini ikabaki nyeusi. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, kisha yakatokea maandishi kwamba mipangilio yake imeshindikana na madabodi imerudia ile ya kiwandani. Kasi yote aliyoitafuta ilikuwa imekwenda. Hakuwa na muda wa kuanza upya. Akaiamuru itengeneze video kwa mwendo wake wa zamani, akaenda kulala bila matumaini.

Asubuhi aliikuta bado inafanya kazi. Ibada ikaisha, watu wakajaa uani wakitazama shuka jeupe lililotundikwa ukutani ili projekta imulikie video. Video ilikuwa imefika asilimia tisini. Bi Winifrida akaingia, Hyasinti akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imepona?"

"Inakwenda, mama."

"Ilikuwa inasumbuliwa na nini?"

"Nilikuwa naikimbiza. Kwetu ilikubali. Huku ikaanguka, nikaiongezea nguvu, ikazidi kuanguka. Sasa nimeiacha ilivyo, ndiyo inakwenda. Labda ni joto. Labda ni umeme. Kusema kweli, mama, sijui."

Bi Winifrida akatoka kwenda uani.

"Mkwe wangu anasema hajui ilikuwa na nini," aliwatangazia watu, "lakini inakuja."

Watu wakacheka, na kwaya ikaanza kuimba ili kuwashikilia. Hyasinti alibaki ndani peke yake. Alitamani kufungua mipangilio aongeze kasi kidogo tu, asilimia hizo chache ziishe. Akaikalia mikono yake.

Cleopa akachungulia mlangoni.

"Shemeji, video ina nyimbo ngapi?"

"Saba. Kwa nini?"

"Wameanza wa nne."

Hyasinti akatazama skrini. Asilimia tisini na nne.

"Waambie waimbe polepole."

Video ilikamilika wakiwa katika wimbo wa sita. Mama mkwe alipoona mwanga shukani, aliinyamazisha kwaya kwa mkono, akamwita Hyasinti aje aketi mbele.